Tukimngoja Mgeni wa Nyumba Yetu

Habari tunayoileta mwezi huu si ya mbali. Ni habari ya nyumba yetu hapa Usinge, katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, penye stesheni ya garimoshi liendalo Kigoma. Twaiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazazi na walimu kadha wa kadha wametuuliza jinsi impasavyo mzazi kumwandaa mtoto wake anapongoja kuzaliwa kwa ndugu yake. Ya pili, katika kungoja kwetu limetokea jambo la damu ambalo yafaa kila nyumba ilijue, hata nyumba isiyofanana na yetu.

Sisi wawili tuandikao, mmoja alizaliwa papa hapa Usinge, Mnyamwezi mwana wa Mnyamwezi. Na mwenzake alizaliwa Ujerumani, akaja katika nchi hii kwa kazi ya uuguzi, akakaa, akaolewa. Twasema "sisi" kwa kuwa habari hii tumeiandika pamoja, mmoja akitunga na mwenzake akifuta. Tumejaliwa binti mmoja, naye sasa ana umri wa miaka sita. Rangi yake si ya baba wala si ya mama. Watoto wenziwe njiani humwita mzungu, si kwa ubaya, ila ndivyo macho yao yaonavyo. Likizo moja tulipompeleka Ujerumani kwa wazazi wa mama yake, watoto wa mtaa ule wakamwita Mwafrika. Majina hayo mawili aliyashika moyoni, asituambie neno.

Mimba ya pili ilipotimiza majuma kumi, tuliona vema kumwambia. Bibi yake, mzaa baba, hakupendezwa. Alisema, "Mimba haitangazwi kama mnada." Tukamjibu kwa adabu, "Mama, hatumtangazii mtu. Twamwambia dada yake." Akanyamaza, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, basi aambiwe yote, asiambiwe nusu, maana mtoto aliyeambiwa nusu hujitungia nusu iliyobaki. Neno hilo tumeliona kuwa kweli mara nyingi tangu siku ile.

Mtoto mdogo hajui hesabu ya miezi, ajua vitu. Kwa hiyo mama yake alimpa kibuyu kidogo chenye karanga thelathini, akamwambia kila Jumapili atoe moja, aile. Na karanga zitakapokwisha, mtoto atakuwa tayari kuzaliwa. Jumapili tatu mambo yalikwenda sawa. Ya nne tulipozihesabu tukakuta zimepungua nne zaidi. Alipoulizwa alisema, bila kuona haya, kwamba alizila ili mtoto aje upesi. Tulicheka sana, kisha tukamweleza kwamba kula karanga hakuharakishi mimba, kama vile kusukuma akrabu ya saa kusivyoleta garimoshi stesheni. Karanga nne zikarudishwa kibuyuni.

Siku moja alikuwa akipepeta mchele pamoja na bibi yake, akauliza, "Bibi, mtoto atakuwa wa rangi ya nani?" Bibi akajibu pasipo kuinua macho, "Atakuwa wa rangi ya mtoto." Jibu hilo halikumtosha. Usiku alikuja kwa baba yake akasema maneno ambayo tumeyahifadhi kama alivyoyasema: "Nataka awe kama mimi. Hapa mimi ni mzungu. Kule mimi ni Mwafrika. Akija, tutakuwa wawili. Je, baba, watu wawili ni kabila?"

Wasomaji wapendwa, swali hilo si la mchezo. Mtoto huyu hakuwa akingoja mwenzi wa kucheza naye tu, kama watoto wengine wangojavyo. Alikuwa akingoja mtu wa kumfanya asiwe peke yake duniani. Wala hatukuweza kumwahidi kwamba ndugu yake atafanana naye, maana ahadi hiyo haimo mikononi mwa mzazi yeyote. Ilitupasa kwanza kumfundisha habari ya rangi, kisha habari ya kabila. Nayo mafundisho hayo mawili si mamoja.

Kwa habari ya rangi tulitumia hindi. Wakati wa mavuno bibi yake alileta hindi moja ambalo punje zake nyingi zilikuwa nyeupe, nyingine za manjano, na chache zenye weusi wa zambarau. Kwa maana jirani alikuwa amepanda mbegu nyingine, na upepo ukachukua chavua. Tukamwonyesha. Kila punje ni mtoto wa pekee, ingawa mama yao ni mmoja na zimekaa bega kwa bega katika nyumba moja. Hakuna mkulima asemaye kwamba punje ya manjano si ya hindi lile. Akazihesabu za kila rangi, akauliza kama hizo nyeupe huzicheka hizo nyeusi. Tukamwambia kwamba mahindi hayana upuuzi huo.

Kwa watu wazima twaongeza haya. Rangi ya ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini. Watu wote duniani wana chembe za kuitengeneza, tena idadi yake yakaribia kuwa sawa kwa wote; tofauti iko katika wingi na aina ya melanini itengenezwayo. Urithi wa jambo hili haukai mahali pamoja mwilini, bali sehemu nyingi, na kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, wala nusu hizo si zilezile kwa kila mtoto. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kutofautiana sana. Mwaka 2017 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza watu zaidi ya 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Waliona kwamba katika urithi uletao ngozi nyeupe na ule uletao ngozi nyeusi, mwingi ulianzia humu humu Afrika, tena miaka laki kadhaa iliyopita. Basi mtu asemaye kwamba weupe ni wa watu fulani na weusi ni wa watu fulani, asema jambo ambalo damu yenyewe hailijui.

Hapa twataka kuwaonya akina baba. Mtoto mchanga, hata wa wazazi weusi kabisa, mara nyingi huzaliwa na rangi nyepesi, nayo hukolea katika majuma na miezi ya kwanza. Tumesikia habari za wanaume waliomtazama mtoto wa siku mbili wakauliza, "Huyu ni wa nani?" Neno hilo likitoka kinywani halirudi, mama alisikia akiwa bado na uchungu wa kuzaa, na mtoto atakuja kulisikia kwa majirani. Katika nyumba ya watu wa rangi mbili maneno kama hayo hupata njia upesi zaidi, mtoto wa pili akiwa mweupe kuliko wa kwanza, au mweusi kuliko yeye. Sisi wawili tulikubaliana mapema kwamba lo lote litakalosemwa na watu, halitaanza nyumbani mwetu.

Habari ya kabila ilihitaji somo refu zaidi. Tulimchukua binti yetu mpaka stesheni, tukamwonyesha reli ielekeavyo magharibi na mashariki. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake ilikuwapo njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, na Wanyamwezi wenyewe ndio walioijua na kubeba mizigo yake. Penye njia watu huchanganyika. Baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, alikuwa Mwarabu aliyekaa Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Tena katika ukoo wa Tippu Tip mwenyewe alikuwamo bibi ambaye baba yake alikuwa mtu wa Maskati na mama yake mwanamke wa Mbwamaji. Hatumtaji Tippu Tip kwa kumsifu. Biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watu. Twamtaja ili ijulikane kwamba nyumba za namna yetu si jambo geni katika nchi hii.

Lakini bibi wa mtoto alikwisha kutuambia tusiseme nusu. Mchanganyiko mwingi wa siku zile haukuwa wa hiari. Wanawake walichukuliwa bara wakafanywa masuria, na watoto wao wakaitwa masuriama, jina ambalo hadi leo linauma likitumiwa kwa dharau. Hata Sayyida Salme wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mama yake alikuwa suria, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa kutoka mbali. Salme naye aliolewa na mtu wa taifa jingine, lakini kwa kupenda kwake: Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Walioana Aden mwaka 1867, siku alipobatizwa na kuitwa Emily. Watoto watatu waliozaliwa Hamburg kati ya mwaka 1868 na 1870 waliitwa Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Kila mmoja alipewa jina la upande wa baba na jina la upande wa mama. Katika mwaka ule ule wa 1870 baba yao alikufa kwa ajali ya gari la reli ya mjini, na yule mdogo alikuwa bado hajatimiza nusu mwaka. Binti yetu alipenda majina hayo kuliko yote tuliyomweleza, akawa anatembea uani akiyataja.

Palikuwapo pia serikali zilizozuia ndoa za namna hii kwa sheria. Wajerumani walizizuia katika koloni lao la Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1905, na katika Afrika ya Mashariki, yaani nchi hii yetu, mwaka 1906. Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 1949, ikaifuta mwaka 1985. Marekani, zile sheria za majimbo zilizokuwa zimebaki zilitanguliwa na Mahakama Kuu mwaka 1967. Mama wa nyumba hii, ambaye ni Mjerumani, ndiye aliyetaka habari ya mwaka 1906 iandikwe humu. Kama tungaliishi siku zile, binti yetu angalikuwa mtoto ambaye sheria haikutaka wazazi wake waoane.

Leo katika Usinge na vijiji vyake wako Wanyamwezi, wako Waha, wako Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao. Upande wa Ulyankulu wako waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao wamekuwa raia wa nchi hii. Tulimwuliza binti yetu kama jirani zetu wote ni kabila moja. Akasema hapana. Tukamwuliza kama ni watu wa Usinge. Akasema ndiyo. Ndipo tukamwambia: "Wewe ni Mnyamwezi kwa baba na Mjerumani kwa mama, wala hukukatwa vipande viwili. Una nyumba mbili za kupiga hodi, na kote utaitikiwa. Na huyu ajaye hatakuja kuwa kabila lako. Atakuja kuwa mdogo wako, awe na rangi gani." Akafikiri, akasema, "Basi hata akiwa mweusi kama baba?" Tukasema ndiyo. "Hata akiwa kama mama?" Tukasema ndiyo. Akaenda kulala. Hatukujua kwamba mtihani mkubwa zaidi ulikuwa bado.

Sasa tuingie katika jambo la damu. Kila mtu ana kundi la damu, A, B, AB au O. Na zaidi ya hayo, damu ya mtu huwa ama Rh chanya ama Rh hasi. Waafrika karibu wote ni Rh chanya. Walio hasi hawafiki kumi katika mia. Kwa watu wa asili ya Ulaya, kiasi cha 15 katika mia ni hasi, na mama wa nyumba yetu ni mmoja wao. Baba ni chanya, na binti yetu alizaliwa chanya kama baba yake.

Mama aliye hasi akizaa mtoto aliye chanya, damu kidogo ya mtoto yaweza kuingia katika damu ya mama wakati wa kuzaa. Mwili wa mama huiona kuwa ngeni, ukatengeneza askari wa kuipiga. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hadhuriki, kwa sababu askari hao hupatikana baada ya yeye kutoka. Lakini mimba ifuatayo ikiwa ya mtoto chanya, askari wale hupita katika kondo la nyuma, wakaziharibu chembe nyekundu za mtoto tumboni. Mtoto hupungukiwa damu, huzaliwa na manjano kali, au hufa kabla ya kuzaliwa. Zamani watoto wengi walipotea hivyo, wala watu hawakujua sababu, mpaka habari ya Rh ilipogunduliwa mwaka 1940. Kuanzia mwaka 1968 ikapatikana sindano iitwayo Anti-D. Mama akidungwa kabla saa 72 hazijapita baada ya kuzaa, mwili wake hauwahi kutengeneza askari hao. Tena hudungwa mimba ifikapo majuma 28, kwa usalama zaidi. Mama alidungwa alipomzaa binti yetu. Katika mimba hii damu yake imepimwa zaidi ya mara moja, askari hawakuonekana. Na karanga zilipobaki kumi na mbili, yaani majuma 28, tulisafiri kwenda Tabora kwa sindano ya pili, iliyoagizwa mbele na kutunzwa katika baridi kama ipasavyo.

Safari hizo hazikufichika. Kijiji chaona nani apanda garimoshi na nani ashuka. Siku moja binti yetu alikwenda kisimani pamoja na shangazi yake, na mama mmoja wa makamo, ambaye hatumtaji, akasema mbele yake: "Damu za watu hawa hazipatani, ndiyo maana wanahangaika na Tabora. Mungu mwenyewe amekataa mchanganyiko. Damu ya huyu mkubwa ndiyo itakayomla mdogo."

Mtoto hakulia. Alirudi nyumbani, akakisukuma kibuyu chake chini ya kitanda mpaka ukutani. Jumapili ilipofika hakutoa karanga. Tulipomwuliza, alisema, "Sitaki siku zifike." Shangazi yake ndiye aliyetueleza yaliyosemwa.

Ndugu zetu, twataka kulijibu neno la kisimani, si kwa ajili ya yule mama, bali kwa kuwa tumelisikia na mahali pengine, hata kwa watu wenye elimu. Kwanza, tofauti hii ya Rh si tofauti ya mzungu na mwafrika. Ugonjwa huu uliwaua watoto wengi Ulaya kwenyewe, katika ndoa za watu wa rangi moja, kijiji kimoja, lugha moja. Wako pia wanawake wa Kinyamwezi, wa Kiha na wa Kisukuma walio Rh hasi, ingawa ni wachache. Na kwa kuwa ni wachache, hatari yao ni kubwa, maana hakuna awadhaniaye. Pili, damu ya baba na damu ya mama hazigombani, hazikutani kamwe. Tatu, mtoto wa kwanza hana kosa. Hakufanya jambo lo lote ila kuzaliwa.

Hayo ni ya watu wazima. Kwa mtoto, kumwambia "usisikilize" kusingemsaidia, kwa kuwa alikwisha kusikia. Wala hatukutaka kumwambia kwamba maneno yote yalikuwa ya uongo, maana kulikuwa na punje ya kweli ndani yake, na siku moja angeijua. Tulikumbuka neno la bibi yake: yote, si nusu. Mama yake alimpakata akamwambia hivi: "Ulipozaliwa, tone la damu yako lilibaki kwangu. Mwili wangu haukulijua, ukataka kulifukuza, kama mbwa wa nyumbani ambwekeavyo mgeni mwema. Lakini siku ile ile waganga walinipa dawa, na mbwa hakubweka. Juzi nimepewa tena. Wamepima damu yangu, wameona kimya." Akauliza, "Dawa hiyo imetengenezwa kwa nini?" Tukamwambia: kwa damu ya watu wengine.

Ndipo tulipomsimulia habari za James Harrison wa Australia. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1936. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipasuliwa kifua, akaokolewa kwa damu ya watu asiowajua, akaweka nia ya kuilipa. Alianza kutoa damu mwaka 1954. Baadaye ikaonekana kwamba damu yake ina kwa wingi ile kinga itengenezwayo Anti-D, akaendelea kuitoa hata mwaka 1, 2, na miaka mingi, jumla mara 1,173, mpaka mwaka 2018 alipokuwa na umri wa miaka 81, kwa kuwa sheria haikumruhusu kupita hapo. Alifariki Februari 2025. Katika nchi yake yasemwa kwamba kutoa kwake kulisaidia watoto wapatao milioni 2.4, na binti yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa akina mama waliodungwa dawa hiyo. Na mtu huyu aliogopa sindano. Mara zote hizo aligeuza uso asiione.

Binti yetu, ambaye naye aogopa sindano, alilisikia hilo la mwisho kuliko mengine yote. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Yeye alikuwa kabila gani?" Baba yake akamjibu, "Wale watoto hawakumwuliza." Jumapili iliyofuata alikitoa kibuyu chini ya kitanda bila kuambiwa. Alitoa karanga mbili, moja ya juma lile na moja ya juma lililopita. Moja akaila, na ya pili akampa mama yake, akasema ni ya mtoto.

Katika siku hizo tulisoma tena nyumbani habari za Miriamu. Watu wengi humkumbuka katika Kitabu cha Kutoka, msichana aliyesimama mbali penye majani ya mto, akimlinda mdogo wake Musa aliyewekwa katika kisafina, apate kujua litakalompata. Wachache humkumbuka katika Kitabu cha Hesabu, amekwisha kuwa mtu mzima, akimnena Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, akapigwa kwa ukoma, akafungiwa nje ya kambi siku saba. Dada ni yule yule. Upendo uliosimama mtoni kumchunga mdogo haukumfundisha kuwapokea watu ambao mdogo huyo aliwaleta nyumbani. Kwa hiyo twaona kwamba mambo haya mawili yafundishwe yote, tena mapema, mtoto angali akihesabu karanga.

Kabla ya kumaliza, twatoa mashauri machache kwa nyumba na shule.

Kila mwanamke ajue kundi la damu yake na kama ni Rh chanya au hasi. Aulize kliniki siku ya kwanza ya mimba, akaiandike mahali isipopotea. Aliye hasi aulize mapema sindano ya Anti-D itapatikana wapi, maana katika vituo vidogo huenda isiwepo, na saa 72 ni chache kwa mtu wa Usinge, ambako garimoshi la abiria halipiti kila siku. Ajue pia kwamba mimba ikiharibika, huenda sindano hiyo ikahitajika. Asinyamaze kwa huzuni au kwa haya. Na askari wale wakiwa wamekwisha kutokea, sindano haiwaondoi tena. Mama wa namna hiyo aangaliwe katika hospitali kubwa tangu mwanzo.

Walimu nao, wakiwa na mtoto darasani ambaye rangi yake ni ya pekee, wasimfanye mfano wa somo mbele ya wenziwe, wala wasiliache jina la chotara litupwe kama jiwe. Wamwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hilo latosha, tena ndilo atakalolikumbuka.

Nasi wazazi tuangalie yasemwayo kisimani, sokoni na kwenye misiba mbele ya watoto. Mtoto hubeba neno kwa muda mrefu kuliko mpagazi abebavyo mzigo, na hana kambi ya kulitua.

Tuandikapo haya zimebaki karanga sita. Zikibaki tatu tutahamia Tabora kwa shangazi, tungoje karibu na hospitali. Bibi atabaki kulinda nyumba na kuku, naye amekwisha kumwagiza mjukuu wake amletee habari mwenyewe, asimpelekee mtu mwingine. Mtoto akizaliwa salama tutawaarifu katika gazeti hili. Tutawaambia kwanza kwamba amelia, na kwamba mama yake ni mzima, na kwamba sindano imepatikana kabla saa hazijapita. Habari ya rangi atakayeitaka, na aje Usinge atazame mwenyewe, atakaribishwa uji.

Wasalaam.